Jogoo wa Mzee Jovithe

Naandika juu ya maziko mawili. Ya kwanza nilikwenda nikitetemeka. Ya pili sikwenda, na mama yangu alikufa akiamini kwamba nilikwenda.

Baba yangu, Amissi, alikuwa fundi wa baiskeli hapa Buyenzi. Alifariki alfajiri moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1994, kwa ugonjwa wa sukari, kitandani kwake. Mwaka ule kufa kitandani kulikuwa karibu bahati. Majirani walikupa pole, kisha wakakaa kimya kidogo, na katika ule ukimya ulisikia kwamba wanakuonea wivu: angalau mwili umeuona, umeuosha, unajua unazikwa wapi.

Tulikuwa tumebadilika bila kukubaliana. Zamani ukipita mlangoni kwa mtu uliulizwa, "Unaenda wapi?" na ulijibu bila kuona kwamba umechunguzwa. Swali hilo lilikufa. Hata mke hakumuuliza mume. Mama alianza kupika chakula cha jioni saa tisa mchana, ili saa kumi na moja sufuria ziwe zimeoshwa na mlango umefungwa. Tulijua mlio wa bomu la grenedi na mlio wa tairi la lori likipasuka, na kila mara tulingoja sauti ya pili kabla ya kurudi kwenye maneno yetu. Kamenge, kaskazini, ilikuwa imebaki ya Wahutu. Mitaa mingine ilishikwa na vijana wa Kitutsi. Sisi wa Buyenzi, Waislamu wa Kiswahili, tulisema kwamba hatumo, na tulilala na viatu miguuni.

Lakini kufa kuna taratibu zake, na baba alikuwa na mtani.

Wadogo wa leo hawajui mtani ni nani, kwa hiyo naeleza. Babu yangu alitoka upande wa Congo, akaja kuvua hapa ziwani. Aligombana na mvuvi wa Kirundi juu ya mahali pa kutegea nyavu, na mwaka mzima walipigana, mpaka mtu mmoja wa upande wetu na mmoja wa upande wao wakafa. Wazee wakawaketisha chini. Masharti yalikuwa haya: tangu leo mtatukanana, ninyi na watoto wenu, na hakuna atakayekasirika. Akifa mmoja, mwingine ndiye atakayemzika. Maiti haitatoka nyumbani kabla mtani hajafika, hajaitukana na hajaishika.

Yule mvuvi wa Kirundi alimzaa Jovithe, seremala wa Kamenge, Mkristo, mtu mfupi mwenye kicheko cha kikohozi. Yeye na baba walitukanana miaka arobaini. Kisa chao kikubwa kilikuwa jogoo. Jovithe alidai kwamba siku ya harusi yake baba aliiba jogoo mwekundu akamla peke yake nyuma ya nyumba. Baba alisema jogoo huyo alijileta mwenyewe, amechoka kukaa na maskini. Nilikua nikisikia habari za jogoo huyo kila sikukuu, yetu na yao. Mimi sikuweza kutania. Jovithe akinirushia tusi nilitazama chini, na baba alimwambia, "Muache huyu. Huyu alizaliwa musibani."

Asubuhi ile baba alipofariki, mama alisema jambo la kwanza kabla hata hajalia.

"Jovithe asiambiwe."

Baba mdogo Mohamadi alikuwa amesimama mlangoni, funguo za baiskeli mkononi. 

"Mohamadi, nimesema asiambiwe. Huyu aliyelala hapa mwenyewe angekataza."

"Shemeji, mi nimeshatoka redio," alisema. "Komunike itasomwa saa sita na nusu."

"Umetaja nani?"

"Wote. Si ndivyo inavyofanywa? Ukoo wa Uvira, watu wa Rumonge, na mutani wake Jovithe wa Kamenge."

Mama alimgeukia. "Umemuita mutu aje afe," alisema.

Baba mdogo hakuwa mjinga. Alifanya alivyofanya maisha yake yote: mtu akifa, unakwenda redioni, unataja majina, bila kuacha hata moja, kwa sababu jina likisahaulika ni ugomvi wa miaka. Mkono wake uliandika kabla kichwa hakijafikiri. Saa sita na nusu tulikaa kuzunguka redio, na msomaji akasoma kwa sauti ileile anayosomea kila siku. Alipofika kwa jina la Jovithe, mama alifunika uso kwa kitenge.

Tuliamua kuharakisha. Tungemtoa baba baada ya adhuhuri badala ya alasiri, kabla Jovithe hajafika, na shehe akakubali. Mwili ulikuwa umeshaoshwa. Nakumbuka nilikuwa naomba, lakini si kwa ajili ya baba. Nilikuwa naomba mtu mmoja asifike.

Alifika saa saba na dakika chache. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, maana hakupita darajani, alishuka mtoni Ntahangwa akavuka juu ya mawe pamoja na wanawake wa kuchota mchanga. Alisimama katikati ya ua uliojaa watu kimya, akavuta pumzi, akapaza sauti.

"Yuko wapi huyo mwizi? Leteni jogoo wangu kwanza!"

Wanawake walicheka huku wanalia. Ndivyo inavyotakiwa, kilio kinapata mahali pa kutokea. Jovithe alikwenda akalala chali mbele ya mlango, juu ya saruji, mikono kifuani.

"Hatoki mutu hapa! Amissi, miaka ishirini na saba nangojea jogoo, wewe unatoroka umevaa nyeupe kama bibi harusi!"

Watu wengine hawakucheka. Uani kulikuwa na familia mbili zilizokimbia kutoka mitaa mingine, zilizokuwa zimepanga vyumba vya nyuma mwezi uliopita. Walimtazama mtu huyu anayemtukana maiti, kisha wakatazamana. Kijana mmoja wao alitoka nje. Nilimwona anatoka. Nilihofu kwamba anakwenda kuwaambia vijana waliofunga daraja.

Nilipiga magoti karibu na kichwa cha Jovithe. "Baba, amuka. Tafadhali. Leo utani basi."

Alifungua jicho moja. "Anouar. We ndiye utanitukana siku yangu, unajua? Umeshajifunza?"

"Baba, watu wanasikiliza."

"Si ndiyo sababu ninasema kwa sauti?"

Lakini aliona uso wangu. Aliinuka, akajipangusa vumbi. Mama alimletea jogoo mdogo aliyefungwa miguu, naye akampokea, akamrudishia, kama desturi inavyotaka. Kisha mama akachukua kofia ya baba ya darizi akamvika kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akaivuta mpaka masikioni.

"Leo we Muislamu," alimwambia. "Na kinywa ufunge. Nimekuomba, shemeji. Makaburi yako ng'ambo, na darajani kuna wale watoto."

"Nitafunga," alisema Jovithe.

Alishika jeneza mbele, upande wa kulia. Mimi nilishika mbele, upande wa kushoto. Tulitoka msikitini tukitaja jina la Mungu, na kadiri tulivyokaribia daraja sauti zetu zilipungua bila mtu kuamuru. Jua lilikuwa kali. Niliona jasho likitoka chini ya ile kofia likishuka shingoni mwa Jovithe. Kofia haikumtosha. Baba alikuwa na kichwa kidogo.

Darajani walikuwa sita. Walikuwa wameweka fito na fremu ya kitanda cha chuma. Wawili nilisoma nao sekondari, hawakuonyesha kunifahamu, na mimi sikuwasalimu kwa jina. Mkubwa wao alivaa koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua, na mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni. Macho yangu hayakuweza kutoka kwenye ule mfuko.

"Nani amekufa?"

"Fundi Amissi wa baiskeli," alijibu baba mdogo Mohamadi. "Sukari."

"Wekeni chini. Mufungue."

Siku hizo ilisemwa kwamba bunduki zinapitishwa ndani ya majeneza. Tuliweka chini. Shehe alifungua mwenyewe. Yule kijana aliinama akaangalia uso wa baba, muda mfupi tu, akainuka.

"Funikeni." Kisha akaanza kutuangalia mmoja mmoja. Alikuwa hataki karangamuntu, vile vitambulisho vyetu vya kukunja. Alikuwa anatazama pua, urefu, mikono. Alifika kwa Jovithe akasimama.

"Mzee. Hiyo kofia si yako."

 Nilisikia maji chini ya daraja, na mwanamke akipiga nguo juu ya jiwe mbali kule.

Jovithe alikuwa ameahidi kufunga kinywa. Lakini alikuwa amesimama na maiti ya mtani wake miguuni, na tangu utoto hakuwahi kusimama hapo bila kusema.

"Si yangu," alisema. "Ya huyu mwizi. Nimemvua asubuhi, alikokwenda kuna kivuli."

Mkono wa yule kijana ulisogea ndani ya mfuko. "Unamwita maiti mwizi?"

"Alikula jogoo wangu."

"We ni mutu wa wapi?"

Jovithe alifungua kinywa, na nikajua kwamba atasema Kamenge. Hakuwa mtu wa kudanganya juu ya kwao. Angesema Kamenge, na ingekuwa ndilo neno lake la mwisho, kwa sababu ya komunike yetu.

Basi nikasema mimi. Sijui sauti ilitoka wapi. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto.

"Musimsikilize huyu. Huyu ni mutumwa wetu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa samaki watatu, na mmoja alikuwa ameoza."

Jovithe alinigeukia. Katika maisha yangu sijaona tena uso uliofurahi namna ile mahali pabaya namna ile.

"Samaki watatu!" alisema. "Muongo! Babu yako alikuja hapa anatambaa, amevaa majani ya mugomba! Sisi ndio tulimufundisha kuvaa suruali, na aliivaa nyuma mbele!"

"Na nyinyi mulikuwa munakula nini? Panya!"

"Panya ni nyama! Baba yako alikula jogoo wa harusi, akameza na manyoya, ndiyo sababu alikohoa miaka ishirini!"

Baba mdogo Mohamadi aliingia kwa upande wetu, akamwita Jovithe mkia wa mbuzi. Mzee mwingine akajibu kwa upande wa Jovithe. Shehe, ambaye kila maziko aligeuza uso utani ulipoanza, safari hii alitazama mbele na kusema kwa sauti kubwa, "Astaghafirullah, hawa watani!" Alisema ili wale vijana wasikie hilo neno, na walisikia. Mmoja wao, aliyekuwa amekaa juu ya fremu ya kitanda, alianza kucheka, akajizuia, akacheka tena.

"Bibi yangu alizikwa hivi," alimwambia mkubwa wake. "Mutu aliingia mukaburi akakataa kutoka. Waache. Ni wendawazimu wa Buyenzi."

Yule wa koti hakucheka. Alitoa mkono mfukoni, mtupu, akainua fito. Lakini tulipoinua jeneza alimsogelea Jovithe akamwambia polepole, ili asikie yeye na mimi tu:

"Kurudi, mzee, usipite hapa."

Tulimzika baba. Jovithe alishuka kaburini wa kwanza, akampokea, akamlaza. Alipotoka alikuwa analia kabisa, bila utani, na kofia ilikuwa imejaa udongo.

Hakurudi na sisi. Wanawake waliotoka kuuza lengalenga, mchicha wa huku, walimchukua katikati yao kwa njia za mashambani, kuelekea Carama na kuingia Kamenge kwa nyuma. Siku mbili hatukujua kitu. Kila mlio wa risasi kutoka kaskazini mama aliweka chini alichoshika. Siku ya tatu mwanamke mmoja alileta fungu la lengalenga, na ndani yake kulikuwa na kofia ya baba, imefuliwa.

"Amesema kichwa kile kilikuwa kidogo kwa sababu hakikuwa na kitu ndani," alisema. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ningependa kumaliza. Watu wa hapa mtaani wanaposimulia habari ya daraja, wanamaliza hapo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, siku ya Alhamisi, redio ilisoma komunike saa sita na nusu. Jovithe, seremala, amefariki Kamenge kwa homa. Mazishi leo saa nane. Wanaotangaziwa ni hawa na hawa, na watani wake, watoto wa marehemu Amissi wa Buyenzi. Mtoto wa kiume nilikuwa mimi peke yangu.

Mama alinipa kanzu safi. Hakusema "usiende". Aliyemkataza mtani wa mumewe asije hakuweza kumkataza mwanawe asiende, kwa sababu Jovithe alikuja kwetu. Alisema tu, "Pita mtoni, kama yeye."

Nilikwenda. Nilifika ukingoni mwa Ntahangwa. Wanawake wa mchanga hawakuwapo, mto ulikuwa mtupu, na mto mtupu mchana ni alama mbaya. Juu, darajani, niliona watu wamesimama. Sikuweza kuona kama kuna koti la mvua. Niliweka mguu juu ya jiwe la kwanza. Maji yalikuwa ya magotini tu. Nilijaribu kufikiri tusi nitakalosema nikifika, kama mtu anayerudia somo kabla ya mtihani, na sikupata hata moja. Kichwani kulikuwa na ule mfuko tu. Mlio mmoja ulisikika upande wa Kamenge. Nikangoja wa pili. Haukuja, na niliendelea kuungoja, mpaka nikagundua kwamba mguu wangu haupo tena juu ya jiwe.

Nilikaa nyuma ya karakana moja mpaka saa kumi na nusu. Nililowesha kanzu kwa maji ya mfereji, mpaka magotini. Nyumbani mama aliniuliza, "Ulimtukana vizuri?"

"Ndiyo," nilisema.

"Ulisema nini?"

"Nilisema juu ya jogoo."

Aliridhika. Majuma machache baadaye Kamenge ilihamwa, watu wakatawanyika milimani na Congo, na hapakuwa tena na mtu wa kuja kunisuta. Mama alifariki mwaka 2001. Nilimzika kimya. Hakuna mtani aliyelala mlangoni, tuliufungua tu tukatoka.

Mwaka huu wa 2004, njia ya kaskazini imekuwa ya kupitika. Mwezi uliopita nilikwenda Kamenge, mchana, kwa miguu, nikapita juu ya daraja. Hapakuwa na fito. Muuza kadi za simu alikuwa amekaa palepale, na bado nilitazama mfuko wake. Niliuliza nyumba ya seremala Jovithe, nikaonyeshwa ua wenye mipapai. Mwanamke wa umri wangu alikuwa anapepeta mchele. Nilimfahamu kwa kicheko chake kabla sijamfahamu kwa sura, alikuwa akicheka na mtoto. Consolate, binti wa mwisho wa Jovithe.

Nilijitaja jina. Aliweka ungo chini.

"Tulikungoja mpaka saa kumi," alisema.

Nilitazama ule ungo.

"Watu walisema tumutoe, risasi zimeanza. Kaka zangu wakakataa. Hatoki mpaka mutani afike, baba alisema hivyo kitandani. Alisema, Anouar atakuja, yule mutoto ana ulimi, muliuona nyinyi? Mimi niliuona." Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Saa kumi tukachoka. Makaburini hatukufika. Tulimuweka hapa nyuma."

"Nilifika mutoni," nilisema. "Niliogopa."

Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo kwa mtu. Alinitazama, na nilingoja anifukuze. Ningeona ni haki.

"Miaka tisa," alisema hatimaye. "Kutoka mutoni mpaka hapa, miaka tisa. Kobe wa babu yenu angefika mapema, mutumwa we."

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaelewa kwamba ananifungulia mlango.

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa la udongo, limezungushiwa mawe, kuku wakichakura juu yake. Nilisimama mbele yake, mikono imening'inia. Kila tusi nililolipanga kwa miaka tisa lilikuwa limeondoka. Nyuma ya ukuta pikipiki ilikohoa, nami nikageuka haraka, nikangoja mlio wa pili, kama zamani. Consolate aliona.

"Sema," aliniambia. "Ni pikipiki tu. Sema."

"Mwizi," nilisema.

"Nani?"

"Mwizi wa maneno we. Jogoo hakuwa mwekundu. Baba alisema alikuwa wa kijivu, na mugonjwa."

"Sauti," alisema Consolate. "Baba alikuwa hasikii vizuri mwishoni."